Uteuzi wa Nyimbo Redioni kama Tendo la Uhakiki: Mfano wa Pwani ya Kilifi na Malindi

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi huzoea kuulizwa maswali mawili kuhusu wimbo: unasema nini, na unasemaje? Swali la tatu, yaani ni nani aliyeamua kwamba wimbo huu ndio utakaosikika leo na si ule, aghalabu huachwa kando. Hata hivyo, kwa msikilizaji wa kawaida swali hilo ndilo linalotangulia mengine yote, kwa kuwa wimbo usioteuliwa hausikiki, na usiosikika hauna maudhui wala fani kwa yeyote. Makala haya yanauchunguza uteuzi huo katika kipindi cha muziki cha mara moja kwa wiki kwenye redio ya kijamii, kwa kuuzingatia ukanda wa pwani ya Kenya kutoka Kilifi hadi Malindi. Inadaiwa hapa kwamba mtangazaji anayepanga nyimbo zake anafanya kazi ya mhakiki, apende asipende, na kwamba akiifanya bila kuujua muktadha wa nyimbo hizo anaweza kuwaumiza watu walio hai.

Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya inautambua utangazaji wa namna tatu: wa umma, wa kibiashara na wa kijamii. Kituo cha kijamii hakiendeshwi kwa ajili ya faida. Kipo kwa ajili ya jamii ya mahali fulani au jamii yenye jambo linaloiunganisha. Lakini ni jamii ipi? Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwapata watu 1,453,787 katika Kaunti ya Kilifi. Miongoni mwao wamo Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Waribe, Wajibana na Warabai. Wamo Waswahili wa Malindi, Mambrui na Takaungu. Wamo Wabajuni na Waarabu, na wamo waliotoka bara kutafuta riziki katika mahoteli na mashamba. Wote hao wanagawana saa moja ya juma.

Vipimo vya saa moja

Kabla ya kuingia katika nadharia, hesabu ndogo ina faida. Iwapo salamu, matangazo na maneno ya mtangazaji vitachukua dakika 20, nyimbo zitabakiwa na dakika 40. Wimbo wa taarabu ya zamani hauna haraka. Ala hutangulia, mwimbaji hufuata, ubeti hukaririwa, na baina ya beti ala hurudi tena kuzungumza. Nyimbo tano za dakika nane nane zimekwisha kuimaliza saa. Mtindo wa mwanzele wa Wagiriama ndio usiojua saa kabisa: fanani huanza, kundi huitikia, na mchezo huendelea maadamu wachezaji wana miguu. Kinachofika studioni ni kipande tu cha tendo zima.

Kwa hiyo mtangazaji hukata. Hufifisha sauti katikati ya ubeti wa tatu na kuingiza wimbo mwingine. Kwa wimbo wa dansi huenda hasara ikawa ndogo. Kwa wimbo uliotungwa kwa arudhi za shairi, hasara hiyo ni ya kifasihi: beti za mwanzo huweka fumbo, na aghalabu mtunzi hulifumbua, au hulikaza zaidi, katika ubeti wa tamati. Kuukata wimbo kama huo ni sawa na kulitolea hukumu shauri ambalo shahidi wake wa mwisho hajasikilizwa. Ni afadhali nyimbo tatu zipigwe nzima kuliko saba zilizokatwa, hata kama simu za wenye haraka zitalia.

Mwana wa Malindi na upeo wa matarajio

Hakuna jina linaloweza kuupima uteuzi wa nyimbo katika ukanda huu kuliko la Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi mwaka 1942 na kufariki mwaka 2014. Nyingi katika tungo alizoziimba zilitoka kwa jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule yule wa diwani ya Malenga wa Mvita. Mahadhi yake, kwa upande mwingine, yalichota sana katika muziki wa filamu za Kihindi. Maneno yalifuata vina na mizani za pwani, na sauti ikapanda na kushuka kwa namna ya Bombay. Wapo wahakiki walioona kasoro katika mchanganyiko huo. Hata hivyo wasikilizaji wa Malindi na Mombasa hawakuungoja uhakiki wao, na hapo ndipo nadharia ya upokezi inapofaa.

Mjerumani Hans Robert Jauss alieleza kwamba kila kazi ya sanaa hukutana na hadhira iliyokwisha kuwa na upeo wake wa matarajio. Mzee wa Malindi anayeusikia wimbo wa Bhalo anaisikia pamoja nao sinema ya ujana wake, harusi ya dada yake, na pengine mshairi aliyeletwa barazani kuyafasili maneno yake. Kijana wa Mtwapa aliyelelewa na bongo fleva anasikia fidla, sauti ya juu, na Kimvita ambacho nusu yake hakimfikii. Wimbo ni mmoja na pokezi ni mbili. Mtangazaji anayedhani ameuteua wimbo mmoja ameteua miwili.

Ugumu huo unazidi kwa Zein l'Abdin, mpigaji udi wa Lamu aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki mwaka 2016, ambaye aliziimba tungo za kale na nyingine alizopewa na mwanazuoni Ahmed Sheikh Nabhany. Msamiati wa Kiamu humo ni hazina kwa mwanaisimu, lakini kwa msikilizaji wa Kaloleni huweza kuwa ukuta. Suluhisho si kuuacha wimbo. Dakika moja ya ufafanuzi wa maneno matatu magumu kabla ya wimbo kupigwa ni kazi ya mhakiki kwa maana yake kamili, na mtangazaji aliyesoma Kiswahili hana udhuru wa kuikwepa.

Salamu, kutuza na fumbo

Hapa ndipo hatari iliyotajwa katika utangulizi inapojitokeza. Katika taarabu ya harusini, msikilizaji huinuka, hutembea kwa madaha hadi mbele na kumtuza mwimbaji fedha. Tendo hilo si malipo tu. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu muziki na siasa za utamaduni nchini Tanzania, ameonyesha kwamba anayetuza huufanya ubeti ule kuwa wake. Kwa wakati aliouchagua kuinuka na kwa jicho analolitupa, humlenga mtu aliyepo ukumbini. Mtunzi hakumtaja mtu. Mwimbaji naye hakumtaja. Aliyetuza ndiye aliyetaja, tena bila kufungua kinywa.

Redio iliyaondoa macho na miguu, lakini haikuiondoa kazi hiyo. Iliihamishia kwenye salamu. Tangu enzi za kadi za salamu zilizotumwa kwa posta hadi za ujumbe wa simu ya mkononi, msikilizaji ameomba wimbo na kuutumia mtu kwa jina. Walter Ong, mwaka 1982, aliuita utamaduni wa vyombo kama redio usimulizi wa pili: sauti imerudi, lakini hadhira haionani. Kwa fumbo, kutoonekana huko kunazidisha makali. Ukumbini mlengwa angeweza kujibu kwa kuinuka na kutuza ubeti mwingine. Nyumbani, akiwa na majirani wanaosikiliza redio ile ile, hana ubeti wa kujibia mpaka juma lijalo, na huenda ombi lake lisiteuliwe.

Chukua wimbo wowote wa mke aliyeachwa anayemcheka aliyemrithi. Ukipigwa bila salamu, ni kazi ya sanaa na kila msikilizaji atajipimia. Ukipigwa baada ya kusomwa kwamba unatoka kwa fulani wa mtaa fulani na umfikie fulani wa mtaa huo huo, si wimbo tena. Ni shutuma iliyosomwa mbele ya kata nzima, na msomaji wake ni mtangazaji. Katika mji mdogo ambako ndoa ya pili inajulikana na kila muuza samaki, mtangazaji hawezi kujitetea kwamba hakujua. Tofauti na jopo la wahariri wa jarida, yeye ana sekunde chache tu za kuisoma jozi ile ya jina na wimbo kabla ya kufungua kipaza sauti. Kanuni inayopendekezwa hapa ni nyepesi: salamu zisomwe, na wimbo upigwe, lakini viwili hivyo visiunganishwe pale wimbo unapokuwa wa mafumbo. Msikilizaji atalalamika kwamba ombi lake limevunjwa nguvu. Amesema kweli, na ndiyo maana halisi ya kulivunja.

Nyimbo zenye mahali pake

Kundi jingine la nyimbo lina ugumu wa namna tofauti. Kifudu cha Wamijikenda ni mchezo unaohusiana na maombolezo. Mapokeo yanasimulia kwamba Mekatilili wa Menza, katika mapambano ya Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, aliucheza kifudu kutoka kijiji hadi kijiji na watu wakamfuata. Mfano huu hutumiwa sana kuonyesha ujasiri wake. Kwa mwanafasihi unaonyesha jambo jingine pia: kuutoa wimbo wa msiba nje ya msiba ni ujumbe wenyewe. Waliomwona walijua kwamba kama kifudu kinachezwa na hakuna maiti, basi kuna kitu kingine kilichokufa au kinachotaka kufa. Mtangazaji anayekipiga kifudu saa kumi jioni kati ya tangazo la simenti na wimbo wa mapenzi anausema ujumbe ule ule bila kukusudia, na wazee watakaopiga simu kuuliza nani amefariki hawatakuwa wanatania.

Mila na desturi zinazohusiana na makaya ya Wamijikenda ziliingizwa na UNESCO mwaka 2009 katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mtu anaweza kudai kwamba redio inalinda kwa kupiga. Dai hilo lina ukweli kwa mwanzele, ambao umekwisha kutoka matangani na kuingia harusini na katika mikutano ya siasa. Kwa kifudu, na kwa nyimbo za kayamba zinazoimbwa katika uganga, ulinzi huenda ukawa ni kuzieleza bila kuzipiga, au kuzipiga siku ambayo mwenye ujuzi amealikwa studioni kuziweka mahali pake.

Suala hili halihusu wazee peke yao. Disko matanga, ambayo viongozi wa Kilifi wameipiga marufuku zaidi ya mara moja kwa kuihusisha na mimba za wasichana wa shule, ilishika nafasi ile ile ya usiku wa msiba iliyokuwa ya michezo kama mwanzele. Kijana anayeujua usiku wa matanga kwa vipaza sauti tu hana kitu cha kulinganishia. Kipindi cha redio kinaweza kumpa kitu hicho, mradi mwanzele usiwekwe kama kitambulisho cha dakika mbili kabla ya nyimbo zenyewe kuanza.

Nyimbo za wageni na nyimbo za wenyeji

Kuhusu nyimbo za mahotelini hakuna haja ya maneno mengi. Jambo Bwana wa Them Mushrooms, uliotoka mwaka 1982, ni wimbo ulioundwa vizuri kwa ajili ya mgeni, na mwenyeji anayeutumikia kila usiku kazini hahitaji kuusikia siku yake ya mapumziko. Bango la Mzee Ngala lina haki kubwa zaidi ya kusikika, kwa sababu limekuwa muziki wa harusi za wenyeji wengi. Nyota Ndogo, aliyevuma katika miaka ya 2000, anafaa kwa sababu nyingine: Kiswahili chake ni cha jikoni na mtaani, na kinakaa kama daraja kati ya shairi la Bhalo na kijana wa Mtwapa.

Mpangilio wa nyimbo hizo nao ni hoja. Bhalo akifuatwa na Nyota Ndogo, msikilizaji ataona jinsi kisa cha mapenzi kilivyohama kutoka kwenye fumbo hadi kwenye usemi wa wazi. Mpangilio ukigeuzwa, ataona fumbo kama jibu la uwazi uliopita kiasi. Mtangazaji akiziandika katika daftari nyimbo zote alizozipiga, kwa mfuatano wake, pamoja na salamu alizozitenga na sababu zake, kwa mwaka mmoja atakuwa na majuma 52 ya data ambayo mtafiti wa fasihi simulizi hawezi kuipata katika kanda wala diwani yoyote. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuanza kwa kuliomba daftari hilo.