Kukusanya Sarafu kwa Miaka Yake

Somo letu la safari hii lahusu kitu kidogo ambacho huenda kimelala nyumbani kwenu bila kutazamwa: sarafu za zamani. Faranga moja leo hainunui hata kiberiti. Kwa sababu hiyo watu huiacha ndani ya mkebe wa misumari, au huwapa watoto waichezee, na mwisho hupotea. Lakini kitu kisichonunua chochote chaweza bado kufundisha. Tutaonyesha jinsi ya kukifanya kifundishe.

NJIA MBILI ZA KUKUSANYA

Sarafu nyingi zina alama mbili zinazoeleza kuzaliwa kwake. Ya kwanza ni mwaka. Ya pili, ambayo si zote zinayo, ni herufi ndogo ya kiwanda kilichoipiga. Basi wakusanyaji wamegawanyika. Wako wanaotaka sarafu moja kwa kila mwaka, bila kujali ilipigwa wapi. Na wako wanaotaka kila mwaka pamoja na kila herufi.

Tuchukue mfano wa sarafu iliyotumika hapa hapa kwetu. Wadachi walipotawala Urundi, nchi ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kidachi, na fedha yake ilikuwa rupia. Kwanza rupia moja iligawanywa kwa pesa 64. Tangu 1904 ikagawanywa kwa hela 100. Sarafu ya shaba ya hela 1 ilipigwa kwa miaka kumi, yaani tangu 1904 hata 1913. Nyingine zina herufi A, maana yake zilipigwa Berlin. Nyingine zina herufi J, maana yake Hamburg. Miaka mingine, kama 1904 na 1913, viwanda vyote viwili vilifanya kazi hiyo. Mwenye kufuata miaka atahitaji sarafu kumi, naye atakuwa amemaliza. Mwenye kufuata herufi atahitaji zaidi ya kumi, na zile za ziada zitafanana na alizo nazo, ila kwa herufi ambayo pengine haionekani bila kioo cha kukuzia.

Hela hiyo haikufa kabisa. Waswahili twasema "hela" tukiwa na maana ya fedha, na Warundi husema "amahera". Maneno yote mawili yatoka kwa shaba hiyo ndogo. "Faranga" nayo yatoka kwa Wabelgiji waliokuja baadaye. Hivyo tunapohesabu fedha tunataja tawala mbili zilizopita, na mara nyingi hatujui.

MSTARI WA FARANGA MOJA

Kwa mwanafunzi wa Rohero, mstari ulio bora kuanzia ni ule wa faranga moja. Uupange juu ya karatasi hivi:

1957, 1958, 1959, 1960: faranga ya alumini, nyepesi kama jani. Juu yake limeandikwa jina la Kongo ya Kibelgiji pamoja na Ruanda-Urundi, maana nchi hizo zilikuwa na benki moja.

1960, 1961, 1964: faranga ya shaba ya njano yenye simba. Ni ya Benki ya Rwanda na Burundi.

1965: faranga ya Benki ya Ufalme wa Burundi.

1970: faranga ya Benki ya Jamhuri ya Burundi, nayo ni ya alumini tena. Zikafuata nyingine za 1976 na 1980, na nyingine baadaye.

Sasa utazame mstari huo kama usomavyo kitabu. Kwa nini mwaka 1960 una faranga mbili za namna mbali? Kwa sababu Kongo ilipata uhuru wake tarehe 30 Juni 1960, na Ruanda-Urundi haikuweza kuendelea kutumia fedha moja nayo. Kwa nini simba wa 1961 na simba wa 1964 ni mamoja, ingawa kati yao, tarehe 1 Julai 1962, Burundi na Rwanda zilipata uhuru kila moja peke yake? Kwa sababu bendera zilitengana kabla ya mifuko kutengana. Nchi zile mbili ziliendelea kwa muda kuwa na benki moja. Kwa nini 1965 yasema "Ufalme" na 1970 yasema "Jamhuri"? Kwa sababu ufalme uliondolewa tarehe 28 Novemba 1966. Kuanzia 1957 hata 1970 ni miaka kumi na mitatu tu, na katika muda huo faranga moja imeandikwa majina manne. Mzee aliyekuwa mvulana mwaka 1957 alizishika zote kwa mkono ule ule.

Hayo yote umeyajua kwa mwaka. Herufi isingekuonyesha.

SABABU TATU ZA KUANZA NA MWAKA

Kwanza, mwaka una mwisho unaojulikana. Mwanafunzi hana fedha nyingi, tena hana haki ya kutumia karo kununua sarafu. Yampasa achague kazi anayoweza kuimaliza.

Pili, sarafu zetu nyingine hazina herufi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walipokuwa wameishika Ubelgiji, faranga mbili za Kongo za 1943, zile zenye pembe sita na picha ya tembo, zilipigwa mbali sana, huko Philadelphia, Marekani. Hazikutiwa herufi yoyote. Ukitafuta herufi hutapata kitu; lakini ukisoma "1943" utajiuliza mwenyewe kwa nini umbo lake si la kawaida.

Tatu, mara nyingi mwaka hukuletea herufi bila wewe kuifuata. Mwaka 1916 Wadachi walikuwa wamefungiwa njia ya bahari na Waingereza, wala hawakuweza kuletewa sarafu kutoka kwao. Wakapiga zao wenyewe Tabora: hela 5, hela 20, na hata rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Ziliandikwa herufi T. Wabelgiji waliiteka Urundi mwezi Juni mwaka ule ule, na Tabora mwezi Septemba. Mwenye kutafuta hela ya 1916 atapata ya Tabora tu, maana hapana nyingine.

MWAKA NAO HUDANGANYA

Hata hivyo tusiseme kwamba mwaka watosha kwa kila jambo. Yako mambo manne ya kuangalia.

(1) Mwaka ulioandikwa si lazima uwe mwaka wa kupigwa. Reale ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresia imeandikwa 1780, mwaka aliokufa, lakini iliendelea kupigwa kwa mwaka ule ule katika karne mbili zilizofuata, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu walikuwa wameizoea.

(2) Mwaka mmoja waweza kuwa na sarafu mbili. Tumekwisha kuona habari ya 1960. Katika Afrika Mashariki ya Kiingereza mwaka 1936 ni hivyo hivyo: mfalme George V alifariki mwezi Januari, akafuatwa na Edward VIII, naye akauacha ufalme mwezi Desemba kabla ya kutawazwa. Senti 5 na senti 10 zenye tundu hazikuwa na sura ya mfalme, ila jina tu; basi zikapigwa kwa jina la Edward. Anayesoma mwaka asisahau kusoma na jina.

(3) Herufi pengine ina habari yake. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1942 iko yenye H, iliyopigwa Birmingham, na iko yenye I, iliyopigwa Bombay, kwa kuwa vita vilifanya njia za bahari kuwa ngumu. Ukipata ya pili, usiitupe. Iweke chini ya mwenzake. Mwaka ni mlango. Ukiisha ingia, waweza kutazama vyumba.

(4) Mwaka waweza kuwa wa Kiislamu. Pesa za Sultani Barghash wa Unguja zimeandikwa 1299 na 1304. Pesa za kampuni ya Wadachi zina miaka yote miwili: 1890 upande mmoja, na 1307 kwa tarakimu za Kiarabu upande wa pili. Kugeuza mwaka wa Hijra kuwa wa kizungu, fanya hivi: toa tatu kwa kila mia, kisha ongeza 622. Mfano: tatu kwa mia ya 1304 ni 39, 1304 kutoa 39 ni 1265, 1265 kuongeza 622 ni 1887. Pengine utakosea kwa mwaka mmoja, kwa kuwa mwaka wa Hijra hauanzi Januari, lakini hutapotea mbali.

KANUNI ZA MKUSANYAJI

Usiisugue sarafu kwa mchanga, majivu wala ndimu. Ile rangi nyeusi ya shaba ni ngozi yake. Ukiivua, sarafu hupungua thamani, na mwaka wenyewe hufutika. Ishike kwa ukingo, si kwa uso.

Usiijaze nafasi kwa uongo. Katika mstari wa simba hapana 1962 wala 1963. Mtu akikuletea moja ya miaka hiyo kwa bei kubwa, mshukuru uende zako.

Kila sarafu iandikie kikaratasi: mwaka, jina la benki au mfalme, madini, na mahali ilipopatikana. Hilo la mwisho ndilo watu husahau, nalo ndilo lisiloweza kupatikana tena. Hela ya 1910 iliyonunuliwa dukani ni hela tu. Hela ya 1910 iliyotoka katika mkoba wa bibi wa Buyenzi, ambaye baba yake alilipwa kwayo, ni shahidi.

Usichukue sarafu ya mzee kwa hila. Mwombe akueleze habari yake kwanza. Akiwa hataki kuitoa, andika mwaka wake pamoja na maneno yake katika daftari, uirudishe mkononi mwake. Daftari hilo nalo ni mkusanyo.

NENO KWA WALIOTUTANGULIA

Wazee wetu mliosoma zamani, neno hili ni lenu. Rupia za fedha huishia kwa sonara, na alumini hutupwa pamoja na vyuma vikuukuu. Kila mwaka unaopotea katika mstari ni swali ambalo mwanafunzi hataliuliza. Mtoto asiyeiona faranga ya 1965 pengine atasoma kitabuni kwamba Burundi ilikuwa na ufalme, lakini hatajua kwamba ufalme huo ulikuwa na faranga za kununulia chumvi. Basi, kabla hamjautupa mkebe, mwiteni mjukuu. Mpeni kioo cha kukuzia, naye awasomee miaka. Ninyi mwambieni kila mwaka ulikuwaje.

MASWALI

1. Geuza mwaka 1299 wa Hijra kuwa wa kizungu.

2. Mkusanyaji ana faranga moja za 1957, 1959, 1960 yenye simba, 1964 na 1970. Ili mstari wetu ukamilike mpaka 1970, amekosa zipi? Hesabu kwa uangalifu habari ya 1960.

3. Hela 5 ya 1908 na 1909 ilikuwa shaba kubwa nzito. Ya 1913 na 1914 ilikuwa ndogo yenye tundu katikati. Toa sababu mbili ambazo zingeweza kuifanya serikali ibadili umbo la sarafu.

4. Mwulize mtu mmoja mwenye umri kupita miaka sitini: sarafu ya kwanza uliyopewa iwe yako ilikuwa ya mwaka gani, na ulinunua nini? Andika jibu lake kwa maneno yake mwenyewe.