Dinari Mbili za Kesho Yake

SOMO LA WIKI
Maandiko: Luka 10:25-37, Mathayo 20:1-2

Habari ya Msamaria mwema tunaijua, lakini mara nyingi tunaishia pale barabarani alipomwinamia majeruhi. Wiki hii tutembee naye mpaka nyumba ya wageni, tuangalie hesabu yake.

1. Alitibu, kisha akapanga kesho
Mafuta, divai, kumfunga majeraha, punda wa kumbeba, usiku wa kumuuguza: hiyo yote ilikuwa huduma ya kwanza. Kesho yake akatoa dinari mbili, tena akaahidi kwamba akirudi atalipa gharama itakayozidi. Mathayo anatuonyesha kwamba dinari moja ilikuwa malipo ya kibarua kwa siku. Kwa hivyo aliacha jasho la siku mbili, na akaunti wazi. Huruma yake ilikuwa na bajeti.

2. Siku ya 31
Huku kwetu mchumaji wa majani chai kwenye shamba kubwa hutibiwa zahanati ya kampuni akiwa kazini. Mashine ikichukua kazi yake, nyumba na zahanati vinaenda pamoja. Mtu kama huyo akija kwa kambi yetu ya matibabu ya bure, anapimwa, presha iko juu, anapewa dawa za mwezi mmoja. Haleluya! Lakini presha haiponi kwa mwezi. Siku ya 31 je? Mfuko ni mtupu, na mwilini hasikii maumivu, basi anaacha dawa. Hivyo ndivyo kiharusi humpata mtu ambaye tulimpima sisi wenyewe. Tumemfikisha nyumba ya wageni, lakini hatukuacha dinari.

3. Tujue njia iliyopo
Tangu Oktoba 1, 2024, SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Wengi wanakaa nyumbani wakidhani asiyelipa hatibiwi popote. Sivyo. Kujiandikisha ni bure, hata kwa simu, *147#. Aliyejiandikisha anafaa kutibiwa bila malipo kwenye zahanati au kituo cha afya cha serikali, hata kama hajalipa mchango. Mambo ya kulazwa na upasuaji kwenye hospitali kubwa ndiyo yanahitaji mchango. Kwa asiye na mshahara, mchango ni kuanzia shilingi 300 kwa mwezi, lakini unalipwa wa mwaka mzima kwa pamoja: 3,600 au zaidi. Hapo ndipo mjane anakwama.

4. Waliobaki
Tenwek, pale Bomet, huduma ya afya ilianza 1937. Daktari Ernest Steury alifika 1959. Miaka 22 katikati, wauguzi waliendelea kuhudumia watu. Hospitali tunayojivunia leo ilijengwa na watu waliorudi kazini kila asubuhi.

TUFANYE NINI?
• Kila kambi iwe na daftari. Mgonjwa akikubali, mshirika mmoja amtembelee kabla dawa hazijaisha, amsindikize zahanati. Siri yake isifike madhabahuni.
• Vijana, nyinyi mna simu. Pitieni kokwet yenu, muwaandikishe wazee na akina mama.
• Bonasi ya chai ikiingia, kila ushirika wa nyumbani uchukue familia moja. Watu kumi wakitoa 360 kila mmoja, 3,600 imepatikana. Ikizidi, kumbukeni ahadi ya Msamaria.
• Wewe binafsi, tenga malipo ya siku mbili kwa mwaka kwa mfuko wa dawa.

MASWALI YA USHIRIKA
Ni nani jirani yetu amekatiza dawa? Nani atamwendea wiki hii?

OMBI
Bwana Yesu, uliyetubeba tukiwa hatuna cha kulipa, tupe moyo wa kurudi kwa wale tuliowahudumia. Amina.