Kofre ya Gari Dogo: Pima Gunia Kabla ya Kununua

Kijitabu hiki ni cha mtu wa Mulekera anayetafuta gari dogo la kununua, na cha dereva wa teksi ambaye tayari analo.

Starlet, Vitz na IST zina umbo moja: hazina buti ya kujitenga. Mlango wa nyuma unainuka pamoja na kioo chake, na mizigo inakaa chumba kimoja na abiria. Ndiyo maana zinapendwa. Ukilaza kiti cha nyuma, mikungu ya makemba ambayo ingegoma kwenye buti ya gari refu inaingia. Lakini harufu ya makayabu nayo inafika mbele, na bidoni ya mawese haina ukuta wa kuizuia. Dereva akifunga breki ghafla, gari linasimama, bidoni haisimami. Iwekwe chini, igusane na mgongo wa kiti, ifungwe kamba.

Lita si gunia

Muuzaji atakutajia lita. Ulaya kofre hupimwa kwa kujazwa vipande vya sentimita 20 kwa 10 kwa 5, kila kimoja lita 1, vikichomekwa hadi kwenye pembe. Gunia la makala halikatiki vipande vya namna hiyo. Nenda na tepi: pima upana wa mlango pale chini unapobana, nafasi kati ya matundu ya magurudumu, na kimo cha kizingiti utakachovushia mzigo. Ukiweza, nenda na gunia lenyewe. Muuzaji asikuharakishe.

Uzito

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Magari haya mengi yalitumika kwanza Japani, na huko uzito wa juu wa gari la abiria huandikwa kwa kuhesabu kila mtu kilo 55. Gari la watu 5 basi lilihesabiwa kilo 275, dereva akiwemo. Gunia halikuhesabiwa kabisa. Sasa weka dereva, wawili mbele, wanne nyuma. Kila mmoja akiwa na kilo 65, tayari ni kilo 455, na kakao bado iko chini inangoja kupakiwa. Springi za nyuma zinalala, taa zinamulika miti badala ya barabara, na usukani unakuwa mwepesi mkononi kwa sababu magurudumu ya mbele yamepunguziwa uzito. Ukiwa na gunia la kilo 60, punguza watu hadi wao na gunia wasizidi kilo 275. Anayeishi kwa kubeba mizigo kati ya Beni na Butembo afikirie gari la kazi kama Probox, ambalo huko Japani mara nyingi liliandikishwa kubeba mizigo.

Usijaze hadi kuziba kioo cha nyuma. Mwenye usukani wa kuume katika nchi yetu, ambako tunapita upande wa kuume, anakaa pembeni mwa barabara na hawaoni vizuri wanaotokea kushoto. Hicho kioo ni jicho lake.

Mlango uliofungwa kwa mpira

Tunauona kila siku: gunia limetoka nje nusu, majani ya kinywa chake yanapepea, na mlango wa nyuma umefungwa kwa ukanda wa tyubu. Watu wanahofia gunia litaanguka. Hatari kubwa zaidi haionekani. Gari linapokwenda, hewa iliyo nyuma yake inazunguka na kurudi, nayo inavuta moshi wa eksozi hadi ndani. Katika moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtoto anayelala kwenye kiti cha nyuma huenda hajachoka na safari. Kufungua madirisha si dawa ya kuaminika.

Mzigo usiofunga mlango ubaki, au uende kwa gari lingine. Abiria wakilalamika kuumwa kichwa au kutaka kutapika, simama, zima injini, toa kila mtu nje apate hewa, na asiyeamka au aliyechanganyikiwa apelekwe hospitali mara moja.