Ulipita porini, utavaa sare?

Kila serikali ya Kongo inapoita vijana kujiandikisha katika jeshi la taifa (FARDC) au polisi, wakili wa Butembo au Beni huletewa maswali haya.

Wakili, serikali ina haki gani ya kuchimba maisha yangu ya nyuma?

Anayepewa bunduki ya taifa lazima ajulikane. Kifungu cha 189 cha Katiba ya 2006 kinataka wanajeshi wawe na afya, elimu ya kutosha na mwenendo uliothibitika. Kwa kawaida utadaiwa cheti cha mwenendo mwema kutoka komini na hati ya parke inayoonyesha kama uliwahi kuhukumiwa. Lakini hati hizo zinajua machache: aliyekaa miaka mitano porini na kundi lenye silaha bila kufikishwa mahakamani, karatasi yake ni safi kabisa. Wanaomjua ni majirani na shefu wa kartie, na wapelelezi huanzia huko.

Nilikuwa mpiganaji wa Maï-Maï, nikarudisha silaha. Naweza kuingia jeshini?

Zamani ungeingia pamoja na kundi lako zima. Mapatano ya 23 Machi 2009 yaliwaingiza jeshini waasi wa CNDP pamoja na makamanda wao; 2012 baadhi yao wakaasi tena na kuunda kundi la M23. Ndiyo maana agizo la Rais la Julai 2021, lililounda P-DDRCS, mpango wa kuwapokonya wapiganaji silaha na kuwarudisha uraiani, lilikuja na msimamo mwingine: mpiganaji anarudi kwao kuishi kama raia, na kundi haliingizwi jeshini kwa jumla wala kutambuliwa vyeo vyake vya porini. Anayetaka sare aje peke yake, apimwe kama wengine.

Naunga mkono msimamo huo, ila serikali yenyewe imeutoboa. Mwaka 2023 iliunda jeshi la akiba, na Wazalendo wengi, wapiganaji wanaosaidia upande wa serikali, wakaona hapo mlango wa kuhalalishwa. Kijana aliyesalimisha bunduki mapema, sasa anauza makaa sokoni Butembo, ana haki ya kuuliza alipata faida gani.

Si kulikuwa na msamaha?

Ulikuwapo, wa sheria ya 11 Februari 2014. Ulihusu uasi, matendo ya vita na makosa ya kisiasa kati ya 1 Januari 2006 na 20 Desemba 2013, na kila mtu alitakiwa kuahidi kwa maandishi kwamba hatarudia. Ubakaji, uhalifu wa kivita na kuingiza watoto vitani havikusamehewa. Mauaji ya Beni yaliyoanza Oktoba 2014 yako nje ya tarehe hizo.

Kaka yangu bado yuko porini. Nitakataliwa?

Kifungu cha 17 cha Katiba kinasema jinai ni ya mtu binafsi. Hata hivyo utaulizwa, na siwashangai wanaouliza. Kanali Mamadou Ndala wa FARDC aliuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014, na Novemba mwaka huo mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo afisa wa jeshi hilohilo, kwa kushirikiana na waasi. Mtaje kaka yako mwenyewe. Ukimficha kisha wakamgundua, watakutilia shaka wewe.

Mimi nilichukuliwa nikiwa na miaka 13.

Basi wewe ulikosewa, mwanangu. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inamwadhibu aliyekuchukua. Kama ulipewa hati ya kutoka kundini, toa kopi kadhaa, moja umwachie mama.