Shinyanga hadi Geita kwa Nusu Siku: Maswali na Majibu ya Mwenye Gari

Kuna njia ngapi za kutoka Shinyanga mjini hadi Geita?

Zinazostahili kufikiriwa ni mbili. Ya kwanza hupanda kaskazini kwa barabara kuu ya Mwanza: Kolandoto, Maganzo, Mwigumbi, Hungumalwa, Mabuki, Misungwi, hadi Usagara. Hapo Usagara mwenye safari ya Geita huiacha njia ya Mwanza mjini, akakata kushoto kwenda Kigongo, akavuka Ghuba ya Mwanza na kutokea Busisi, kisha Sengerema, kisha Geita. Ya pili hushuka kusini hadi Tinde, ikageuka magharibi kwa Isaka na Kahama, halafu ikapanda kaskazini kupitia Kakola, kwenye mgodi wa Bulyanhulu, hadi Geita.

Kwa urefu hazipishani sana. Kila moja ni kama kilomita 230. Mtazama ramani huvutwa na ile ya Kahama, maana Geita iko kaskazini-magharibi ya Shinyanga, na kupanda mpaka Usagara kunaonekana ni kuzunguka bure. Lakini ramani haionyeshi barabara imetandikwa nini. Njia ya Usagara ni lami tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali kipande cha Kahama kwenda Geita kwa miaka mingi kimekuwa cha changarawe, na kila ujenzi wa lami unaposogea huzaa michepuko na vumbi. Tena kati ya Tinde na Kahama ndipo yanapopita malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo. Mwenye shughuli Kahama apite Kahama. Asiye nayo, njia yake ni Usagara.

Daraja la Kigongo–Busisi limebadilisha nini katika mpango wa safari?

Karibu kila kitu. Kabla yake, safari hii haikupangwa kwa kilomita wala kwa mwendo wa gari. Ilipangwa kwa kivuko. MV Mwanza, MV Misungwi na MV Sengerema ndivyo vilivyoamua mtu afike Geita saa ngapi. Kuvuka kwenyewe kulichukua nusu saa hivi, na foleni ya kusubiri zamu ingeweza kula saa nzima au zaidi. Mgonjwa wa rufaa aliyetolewa Sengerema kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, alisubiri kama mwenye lori la mananasi.

Jiwe la msingi la daraja liliwekwa na Rais John Magufuli Desemba 2019, na Rais Samia Suluhu Hassan akalizindua tarehe 19 Juni 2025 likiwa na jina la mtangulizi wake. Lina urefu wa kilomita 3. Kwa kulinganisha, Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003 na kustaajabiwa na wengi wakati huo, halifiki hata kilomita moja. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kilomita 3 huisha kabla ya dakika 4.

Kivuko kilikuwa kimewafundisha madereva tabia moja mbaya: kukimbiza gari kati ya Misungwi na Kigongo ili kuwahi pantoni isiondoke. Pantoni haisubiriwi tena, lakini mbio zile bado zinaonekana barabarani. Ndilo jambo la kwanza la kuacha. Na kwa kuwa daraja ni jipya na mandhari yake ya ziwa yanavutia, wapo wanaosimamisha gari katikati ili wapige picha. Daraja lina njia yake ya waenda kwa miguu. Mwenye hamu ya picha aegeshe gari nje kabisa ya daraja, mahali panaporuhusiwa, arudi kwa miguu.

Iondokwe saa ngapi?

Saa 12 na nusu asubuhi inatosha. Shinyanga iko magharibi ya Dar es Salaam kwa karibu nyuzi 6 za longitudo, na kila uzi mmoja huchelewesha jua kwa dakika 4. Kwa hiyo jua la Shinyanga huchomoza kama dakika 24 baada ya lile la Dar es Salaam: karibu saa 12 na dakika 40, likitangulia au kuchelewa kwa robo saa hivi kutegemea majira ya mwaka. Mgeni kutoka pwani anayepanga kuondoka saa 11 na nusu akidhani kumepambazuka atajikuta anaendesha gizani zaidi ya nusu saa, pamoja na waendesha baiskeli wasio na taa.

Asubuhi ina faida nyingine ambayo wengi hawaihesabu. Kutoka Usagara kwenda Geita barabara huelekea magharibi, hivyo jua la asubuhi hubaki mgongoni. Anayerudi alasiri huelekea mashariki, na jua limekwisha kuhamia magharibi, kwa hiyo liko mgongoni tena. Aliyelala Geita na kuondoka alfajiri hula jua la macho hadi Usagara.

Safari huchukua muda gani, na kukimbia kunaokoa kiasi gani?

Saa 4, pamoja na mapumziko mafupi. Hesabu yake ni hii: kilomita 230 kwa mwendo wa 80 ni saa 3 kasoro dakika chache. Tuseme vijiji na miji midogo yote kwa pamoja ni kilomita 30 za mwendo wa 50. Hapo huongezeka dakika 13 tu. Zinazobaki ni za matuta, trafiki, ng'ombe na chai.

Sasa dereva aamue kukimbia 110 katika kilomita 50 za wazi kati ya Mwigumbi na Misungwi. Kwa 80 angetumia dakika 37 na nusu. Kwa 110 atatumia 27. Ameokoa dakika 10, ambazo ataziacha kwenye foleni moja ya kupita lori. Gharama yake ni umbali wa kusimama. Kwa mwendo wa 80 kwenye lami kavu, gari lenye breki nzima huhitaji karibu mita 70 tangu dereva aone hatari mpaka magurudumu yatulie. Kwa 110 ni zaidi ya mita 110. Mtoto wa ng'ombe anayeruka kutoka kwenye mtaro hampi mtu mita 110.

Gari liandaliwe vipi, na mafuta kiasi gani?

Gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita litahitaji lita 23. Mwenye busara huweka 30 au zaidi akiwa Shinyanga. Sheli hazikosekani Misungwi, Usagara wala Sengerema, lakini bei kikomo zinazotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi huwa kubwa kadiri mji ulivyo mbali na bandari, na Geita iko mbali kuliko Shinyanga. Tofauti yenyewe ni ndogo. Kinachopoteza fedha zaidi ni tairi lenye upepo pungufu.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, likiwemo la akiba, ambalo husahaulika mpaka siku linapohitajika. Maji ya rejeta, oili, mafuta ya breki, taa zote na vipangusa kioo vikaguliwe jana yake, wakati gereji bado ziko wazi. Ndani ya gari ziwemo jeki inayofanya kazi, spana ya magurudumu, pembetatu za tahadhari, kizima moto, sanduku la huduma ya kwanza na maji ya kunywa.

Hatari za njia hii ni zipi hasa?

Ng'ombe kwanza. Usukuma ni nchi ya mifugo, na makundi huvuka barabara asubuhi yakienda malishoni na jioni yakirudi. Kundi likishaanza kuvuka halikatwi kwa honi. Mchungaji mara nyingi ni mtoto, naye huwa upande mmoja na nusu ya ng'ombe upande mwingine. Ng'ombe waliobaki nyuma watafuata wenzao hata kama barabara imeonekana kuwa wazi. Dereva asimame, asubiri mkia wa mwisho.

Baiskeli na mikokoteni ya punda hushika ukingo wa lami kwa sababu pembeni kuna mtaro au mchanga. Msimu wa pamba, kuanzia katikati ya mwaka, huongeza malori yenye shehena iliyotokeza pande zote. Penye minada ya mifugo na magulio, barabara yenyewe hugeuka soko, na bodaboda huingia kutoka popote.

Halafu kuna lugha ya barabarani, ambayo haimo kwenye vitabu vya udereva. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kushoto humwambia aliye nyuma kwamba mbele ni peupe, apite. Akiwasha ya kulia, asithubutu. Ni ukarimu wa kushukuriwa, ila haumwondolei mtu wajibu wa kuangalia mwenyewe, kwa sababu ya kulia huweza pia kumaanisha kwamba lori linakata kulia kweli. Matawi mabichi yaliyotandazwa kwenye lami ni taarifa kwamba kuna gari limeharibika mbele. Tatizo ni kwamba gari likishatengenezwa matawi mara nyingi huachwa palepale.

Kadiri Geita inavyokaribia, magari ya shughuli za migodi huongezeka. Msafara wa malori ya kemikali wenye gari la kusindikiza usiingiliwe katikati.

Trafiki hukagua nini?

Leseni ya udereva, bima, mikanda, matairi, na mwendo. Ndani ya maeneo ya makazi ukomo ni kilomita 50 kwa saa, na mabasi na malori yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kuvuka 80 hata nje ya makazi. Kibao cha 50 huwekwa mwanzoni mwa kijiji. Kinachowaponza wengi ni kuongeza mwendo nyumba zinapoonekana kwisha, kabla ya kibao cha kumaliza. Tochi ya kupimia mwendo hukaa hapo. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo kinachotafutwa kwenye kioo si karatasi ile ya zamani. Faini hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia benki au simu; fedha taslimu mkononi si malipo.

Mvua hubadilisha mpango?

Mkoa wa Shinyanga una msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili au Mei; karibu na ziwa mvua ni nyingi zaidi. Lami hubaki inapitika, ila udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao Wasukuma huuita mbuga, huteleza ukilowa. Gurudumu moja likitoka nje ya lami kwa mwendo mkali ni shida. Mvua ikipiga, muda wa safari uongezwe saa moja, na njia ya Kahama isahauliwe kabisa.

Mapumziko yawe wapi?

Misungwi, baada ya saa 2 za kuendesha. Hapo ni kama nusu ya njia, na chai hupatikana. Mwenye watoto anaweza kusimama tena Sengerema. Kuhusu Maganzo, ambako hukatwa kona ya Mwadui, mgodi wa almasi ulioanzishwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940: mji una historia, lakini uko karibu mno na Shinyanga kuwa kituo cha kupumzikia.

Likitokea tatizo?

Gari litolewe kabisa nje ya lami, pembetatu iwekwe mbali nyuma yake, abiria washuke upande wa kushoto na wakae mbali na barabara. Simu ya dharura ni 112, na Zimamoto ni 114. Hospitali ziko Kolandoto, Misungwi, Sengerema na Geita. Rufaa kubwa ya kanda ni Bugando, Mwanza.

Na anayekwenda kununua dhahabu?

Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na tangu hapo hakuna kisingizio cha kununua uchochoroni. Dhahabu inayosafirishwa bila nyaraka hutaifishwa, na aliyekutwa nayo hufikishwa mahakamani.

Inawezekana kwenda na kurudi siku hiyo hiyo?

Inawezekana tangu daraja lifunguliwe, ila kwa dereva aliyelala vizuri au kwa madereva wawili. Kilomita 460 kwa siku moja ni saa 8 za barabarani, na hatari kubwa iko katika saa ya mwisho, kati ya Hungumalwa na Shinyanga, tumbo likiwa limeshiba na ng'ombe wakiwa njiani kurudi zizini. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo giza likiingia barabara hii huwa na mabasi, malori na taa kali. Atakayeondoka Geita saa 8 mchana atafika Shinyanga saa 12 jioni, jua likiwa bado halijazama. Shughuli zikivuka saa 9, nyumba za wageni Geita mjini ni nyingi.