Mji wa Kitendawili: Fumbo la Picha na Haki ya Mwenye Sanaa

Fumbo la picha ni mchezo wa watoto ambapo picha hukatwa vipande, kisha vipande hivyo huunganishwa upya. Makala haya yanalichunguza fumbo lenye michoro ya Waaborijini wa Australia kwa mizani ya kitendawili.

Watoto wa Malili, Makueni, hutega ndai kwa Kikamba na vitendawili kwa Kiswahili. Katika kitendawili, hadhira ikishindwa kufumbua hutoa mji. Mtegaji huweza kuukataa mji huo na kudai mwingine. Kwa hiyo, jibu ni mali yake mpaka aridhike.

Michoro ya Waaborijini nayo ina wenyewe. Mingi husimulia asili ya nchi na watu, na ni ukoo maalumu wenye haki ya kuichora. Mwaka 1994, mahakama ya Australia iliamuru fidia ilipwe kwa ajili ya wasanii ambao michoro yao ilinakiliwa bila ruhusa kwenye mazulia yaliyofumwa Vietnam. Anayeichapa kwenye fumbo bila ruhusa vilevile amechukua jibu bila kutoa mji. Naye mtoto hupata picha nzima iliyopoteza kisa chake.

Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni mwaka 2016. Basi, iwapo nakshi za kiondo cha Ukambani zitakatwa vipande vya fumbo, mwalimu wa Malili na aanze somo kwa kuuliza: aliyekisuka ni nani, na amepewa mji gani?