Sebene Haina Urefu Maalumu: Kupanga na Kuita Vipande vya Wimbo Jukwaani

Siku hizi bendi za dansi na vikundi vya kusifu hupanda jukwaani na kompyuta pembeni ya mpiga kinanda. Majibu haya yanahusu Ableton Live, programu iliyotoka Berlin mwaka 2001 na ambayo tangu mwanzo ililenga kupigwa mbele ya watu, si kurekodia tu.

Fundi, nina wimbo mzima kutoka studio. Kwa nini niukate vipande?

Kwa sababu jukwaani wimbo hauishii pale ulipoishia studio. Chukua wimbo wa dansi: beti zake zina urefu unaojulikana, lakini sebene, ile sehemu ya kucheza, huongozwa na wachezaji. Rapa akiona ukumbi umekolea, haachi. Akiona watu wanarudi vitini, anataka itoke upesi. Rekodi iliyonyooka haimsikilizi. Kipande kinachojirudia chenyewe kitamngoja mpaka uite kingine.

Nikate wapi?

Pale tu ambapo bendi inaweza kubadili uamuzi. Wengi hukata kila gitaa linapobadilika, wakajikuta na vipande ishirini vya wimbo mmoja na macho yote kwenye kioo. Kama utangulizi, ubeti na kiitikio hufuatana vilevile kila siku, viache viwe kipande kimoja. Mara nyingi vinne vinatosha: sehemu ya kuimba, sebene, breki ya ngoma, na kumalizia.

Nikiingia kwenye sebene, besi inakata. Tatizo ni kompyuta?

Hapana, ni mpangilio, na hili ndilo linaloharibu maonyesho mengi kuliko yote. Kwenye ukurasa wa Session, kila safu wima ni chombo kimoja na kila safu mlalo ni sehemu moja ya wimbo. Ukiita safu mlalo, vyombo vyake vyote huanza pamoja. Sasa tazama nafasi iliyo tupu: ndani yake kuna alama ndogo ya mraba. Hiyo ni amri ya kusimama. Umeweka besi kwenye safu ya kwanza, ukaacha nafasi yake tupu kwenye safu ya sebene ukidhani itaendelea. Programu imeelewa kuwa inyamaze. Chagua nafasi hiyo, bonyeza Ctrl na E (kwenye Mac ni Cmd na E), mraba utatoweka na besi itapita bila kuguswa.

Amri hiyohiyo ina faida yake. Kati ya wimbo na wimbo acha safu tupu yenye miraba yote. Mambo yakienda kombo, iite hiyo, na kila chombo kitanyamaza kwa pamoja.

Nikichelewa kubonyeza, mdundo hauharibiki?

Hauharibiki, ila utangoja. Kwa kawaida programu huanzisha kipande kipya kwenye pigo la kwanza la mzunguko unaofuata. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, mzunguko wa mapigo manne ni sekunde 2. Ukibonyeza popote ndani ya sekunde hizo, sebene itaingia kwenye moja, safi kabisa. Lakini ukipitwa na hiyo moja kwa nukta tu, unasubiri mzunguko mzima, na mpiga ngoma ameshaingia. Kwa hiyo zoea kubonyeza katikati ya mzunguko wa mwisho, rapa anapoinua mkono, si anapoushusha.

Mikono yangu iko kwenye kinanda. Nani abonyeze?

Mguu wako. Pedali ya MIDI huunganishwa na vitufe vingi vya programu. Mimi hupendelea vitufe viwili tu: safu inayofuata, na ile safu tupu ya kunyamazisha. Sehemu zenye urefu usiobadilika zinaweza kujiendea zenyewe: kipande kinaweza kuagizwa kihamie kingine baada ya mizunguko uliyotaja, na tangu toleo la 11, la mwaka 2021, hata safu nzima. Tumia uwezo huo kwa beti. Sebene usiiagize kitu.

Mpiga ngoma wetu anasikiaje mdundo bila ukumbi kuusikia?

Tafuta kadi ya sauti yenye matokeo manne. Mawili yaende kwa mitambo ya ukumbi. Kwenye mawili mengine elekeza Cue, ambako ndiko kliki, yaani mdundo wa kuhesabia, hupita, kisha umpe vipokea sauti. Bila kliki hiyo, kuita vipande kwa usahihi hakumsaidii yeyote, maana bendi na kompyuta zitaachana kabla ya ubeti wa pili.

Kwaya yetu huimba kwa mpangilio uleule kila Jumapili. Tunahitaji haya yote?

Hamhitaji. Tumieni ukurasa wa Arrangement, wimbo ukiwa umenyooka, na mweke alama mwanzo wa kila ubeti. Alama nazo huitwa kwa pedali na hungoja mzunguko kama vipande. Mchungaji akitaka kiitikio kirudiwe, mnarukia alama yake.